Mtoto Haugui, Mbona Hakui?



Mtoto akishikwa na homa, nyumba nzima hukesha. Akihara, mama humbeba mgongoni akaenda naye zahanati. Lakini yuko mtoto mwingine. Huyu hucheza na wenzake, hula apewacho, hana homa wala haendeshi, ila urefu wake hauongezeki kama impasavyo. Ni nani amtazamaye huyo? Hana kilio. Watu husema tu, “Ni mdogo wa umbo, ameufuata ukoo wa mama yake,” na maneno yakaisha hapo.

Swali la mtoto huyo limechunguzwa kwa miaka mingi, tena si mbali na sisi. Msikilizaji aliyeko Buger, katika Wilaya ya Karatu, asidhani kuwa hizi ni habari za ng'ambo. Sehemu kubwa ya uchunguzi nitakaoueleza ilifanywa Haydom, katika Wilaya ya Mbulu, miongoni mwa Wairaqw na Wadatoga, watu walimao mahindi na maharage na wafugao ng'ombe, mbuzi na kuku. Zamani Karatu na Mbulu zilikuwa wilaya moja, na hata leo bibi wa Buger na bibi wa Mbulu wakikutana mnadani husemezana lugha moja. Kwa hiyo yaliyoonekana kwa watoto wa Haydom yafaa kusikilizwa sana Buger.

KUDUMAA NI NINI

Mzazi akirudi kliniki hukumbuka uzito wa mtoto wake, lakini ni wachache waulizao urefu. Nao urefu ndio ushahidi wa siku nyingi. Uzito hupungua kwa juma moja la homa, ukarudi juma la pili. Urefu huandika habari za miezi na miaka.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa kipimo kipya cha kukua kwa watoto. Kipimo hicho kilitokana na watoto wapatao 8,500 wa nchi sita, yaani Brazil, Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Walichaguliwa watoto walionyonyeshwa vema, wasiokosa chakula wala matibabu. Ikaonekana kuwa watoto wa nchi hizo, ingawa rangi na lugha zao ni mbalimbali, walikua kwa urefu unaokaribiana sana katika miaka yao ya kwanza. Kwa kipimo hicho, mvulana wa miaka miwili, akipimwa amelala, hupata kwa kadiri sentimeta 88, na msichana sentimeta 86. Mvulana asiyefika sentimeta 82, au msichana asiyefika 80, huhesabiwa kuwa amedumaa.

Wako wataalamu wabishao kuwa kipimo kimoja hakiwezi kuyafaa mataifa yote, kwa kuwa hata watu wazima hawalingani kwa kimo. Hoja hiyo ina maana, na kwa mtoto mmoja mmoja haifai kuhukumu kwa haraka. Lakini watoto wa kijiji kizima wakiwa chini ya kipimo, sababu yake haiwezi kuwa ukoo wa mama mmoja. Ufupi wenyewe si ugonjwa. Ni kama moshi uonekanao juu ya paa, nao moto uko ndani. Mambo yale yale yazuiayo mifupa kurefuka yaweza pia kuuzuia ubongo kukua vema, na mtoto akachelewa kusema na kushika mafundisho shuleni.

Katika Tanzania, mwaka 2010, watoto 42 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Hesabu ya mwaka 2015 na 2016 ilionyesha 34, na ile ya mwaka 2022 ilionyesha 30. Twapaswa kushukuru kwa kupungua huko, lakini watoto 30 katika 100 bado ni wengi mno.

UCHUNGUZI WA HAYDOM

Tangu mwishoni mwa mwaka 2009, hospitali ya Kilutheri ya Haydom, pamoja na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Virginia cha Marekani, iliingia katika uchunguzi mkubwa uliofanywa mahali panane ulimwenguni. Sehemu nyingine zilikuwa Bangladesh, India, Nepal, Pakistan, Brazil, Peru na Afrika ya Kusini. Haydom peke yake waliandikwa watoto 262, kila mmoja akiwa hajatimiza siku 18 tangu kuzaliwa.

Kazi hiyo ilihitaji saburi. Mara mbili kila juma, kwa muda wa miaka miwili, mtu wa uchunguzi alikwenda nyumbani kwa kila mtoto, masika na kiangazi, akauliza: Je, amehara? Amekohoa? Amekula nini? Amepewa dawa gani? Kila mwezi alipimwa urefu na uzito, na choo chake kikachukuliwa ili kitazamwe vidudu vilivyomo, hata kama mtoto alikuwa mzima.

Yalionekana mambo matatu. La kwanza, zaidi ya nusu ya watoto wa Haydom walikuwa wamedumaa walipofikia miaka miwili. La pili, kuhara hakukuwa ndiyo sababu kubwa kama ilivyodhaniwa zamani. La tatu, na hili liliwashangaza wengi, watoto waliokuwa wazima kwa kuwatazama walikutwa wamechukua vidudu vingi tumboni. Aina nne zilitajwa hasa kuwa zafuatana na ufupi: shigela, kampilobakta, jiadia, na aina moja ya ikolai. Kampilobakta hukaa sana katika kuku na mifugo mingine, na mavi ya kuku uani yaweza kuwa njia yake ya kumfikia mtoto atambaaye.

Nieleze namna mambo haya yanavyofanyika. Ndani ya utumbo mna vinyweleo vidogo mno, vingi kuliko manyoya ya zulia, navyo kazi yake ni kunyonya chakula na kukipeleka katika damu. Vidudu vikiingia kila siku, hata kama havileti kuhara, vinyweleo hivyo huvimba, hufupika na kupungua. Mtoto hula, lakini sehemu ya chakula humpita. Tena mwili hutumia nguvu zake kupigana na vidudu hivyo badala ya kuzitumia kujenga mifupa. Basi mama aweza kumlisha mtoto wake kwa bidii yote, na asione matunda ya kazi yake. Mama wa namna hiyo asilaumiwe.

JARIBIO LA DAWA

Hapa kila msikilizaji atasema, “Kama kosa ni la vidudu, si wapewe watoto dawa ya kuviua?” Ni neno la akili, nao wataalamu walilisema. Lakini neno la akili si lazima liwe kweli mpaka lipimwe.

Mkulima akitaka kujua kama mbegu mpya ya mahindi yaishinda ya zamani, haitoshi kupanda mpya bondeni penye rutuba na ile ya zamani juu kwenye kokoto. Akivuna zaidi bondeni, atajuaje kama ni mbegu au ni udongo? Imempasa kuzipanda zote mbili katika shamba moja, safu kwa safu. Kadhalika kwa dawa. Ukiwapa dawa watoto wa wazazi waliokuja kuiomba, kisha ukawalinganisha na watoto wa wazazi wasiokuja, huenda tofauti uionayo yatokana na wazazi. Ndiyo sababu hupigwa kura: mtoto huyu fungu hili, yule fungu lile. Fungu moja hupewa dawa, la pili hupewa kitu kifananacho na dawa lakini hakina nguvu yo yote. Wala mama wala mpimaji hajui ni kipi mtoto alichopewa, mpaka hesabu imalizike.

Hivyo ndivyo ilivyofanywa Haydom. Kati ya Septemba 2017 na Septemba 2018 waliandikwa watoto 1,188 waliozaliwa karibuni. Wale wa fungu la dawa walipewa azithromaisini, dawa ile ile itumikayo kutibu vikope vya macho, walipofikia miezi 6, 9, 12 na 15. Tena walipewa dawa nyingine, nitazoksanaidi, katika mwezi wa 12 na wa 15. Kwa kura nyingine, baadhi walipewa vitamini ya jamii ya B iitwayo nikotinamaidi, kwanza kwa mama anyonyeshaye, halafu kwa mtoto mwenyewe. Walipofikia miezi 18 wote walipimwa urefu.

Majibu yalitangazwa mwaka 2021. Urefu ulikuwa sawasawa. Waliopewa dawa hawakuwapita wasiopewa, nao waliopewa vitamini hawakuwapita wenzao.

Huenda mtu akasema, “Basi kazi hiyo yote ilikuwa bure.” Sivyo. Kama jaribio lisingalifanywa, pengine leo watoto wetu wote wangalipewa dawa hizo kila miezi mitatu, fedha zikatumika, na wazazi wakatumaini kitu kisichokuwamo. Na sababu yaweza kufahamika na kila mtu. Dawa humsafisha mtoto leo, na kesho hurudi kutambaa katika ua ule ule, akanywa maji yale yale. Ni kama kufagia nyumba na kuuacha mlango wazi wakati wa upepo.

HOJA ZA WATAALAMU

Lakini msidhani kuwa wote wamekubaliana juu ya kuwapa watoto dawa hizi. Katika miaka ya 2014 hadi 2017 lilifanywa jaribio lingine, kubwa zaidi, katika Niger, Malawi na Wilaya ya Kilosa hapa Tanzania. Watoto wapatao 190,000 waliingizwa. Baadhi ya vijiji vilipewa azithromaisini mara mbili kwa mwaka, na vingine havikupewa. Hapo hawakuhesabu urefu, walihesabu vifo. Mwaka 2018 ilitangazwa kuwa, kwa nchi zote tatu pamoja, vifo vilipungua kwa 13 au 14 katika kila 100. Niger vilipungua kwa 18. Lakini Tanzania vilipungua kwa 3 tu, kiasi ambacho chaweza kutokea kwa bahati.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Upande mmoja walisema: twawezaje kuizuia dawa iokoayo watoto? Upande wa pili wakajibu: vidudu vikizoea dawa huwa sugu, na siku mtoto atakapougua kweli, dawa haitamfaa tena, na huko Niger usugu ulikwisha kuonekana kuongezeka. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa shauri la kati: dawa isigawiwe kwa watoto wote kila mahali, bali iweze kufikiriwa pale tu ambapo vifo vya watoto ni vingi mno.

Neno hili la usugu latugusa sisi moja kwa moja. Katika ule uchunguzi wa sehemu nane, ilionekana kuwa watoto walipewa dawa za kuua vidudu karibu mara 5 kwa mwaka kwa wastani, katika miaka yao miwili ya kwanza. Hapa kwetu vidonge vya namna hiyo hununuliwa dukani, kimoja au viwili, kwa kikohozi au mafua, magonjwa ambayo mara nyingi hayasikii dawa hizo kabisa. Mzazi anunuaye nusu ya dozi hamponyi mtoto wake, naye huvifundisha vidudu vya kijiji kizima kuishinda dawa.

MAJI, VYOO NA CHAKULA

Wengine walisema, tuufunge mlango wenyewe: tusafishe maji, tujenge vyoo, tunawe mikono. Hilo nalo lilipimwa, katika Bungoma, Kakamega na Vihiga, magharibi ya Kenya. Waliandikwa kina mama wajawazito 8,246, tangu mwaka 2012. Vijiji vingine vilipewa dawa ya kusafisha maji, vingine vyoo vilivyotengenezwa vema, vingine mahali pa kunawia mikono, vingine mafundisho ya ulishaji pamoja na chakula cha nyongeza, na vingine hayo yote pamoja. Mwaka 2018 majibu yalitolewa. Maji, vyoo na kunawa, kwa namna vilivyofanywa huko, havikuongeza urefu wa watoto. Waliopata mafundisho ya ulishaji na chakula cha nyongeza ndio waliokua zaidi, ingawa kwa kiasi kidogo.

Je, twache kunawa na kuchimba vyoo? La, hasha! Choo na mikono safi hutukinga na kipindupindu, homa ya tumbo na minyoo. Wataalamu wengi wameyasoma majibu hayo hivi: uchafu ulikuwa mwingi, na kilichofanywa kilikuwa kidogo. Ndoo moja ya maji yaliyotiwa dawa haiwezi kushindana na ua ulioenea mavi ya wanyama, wala bomba la kunawia halifai kitu pasipo maji ya kutosha. Yatakikana maji mengi yaliyo safi, karibu na nyumba, kwa kijiji kizima. Na hiyo si kazi ya mama mmoja mwenye dumu kichwani. Ni kazi ya kijiji, ya halmashauri na ya serikali.

VIJANA NAO WASISAHAULIWE

Ninyi mnaosoma shuleni, msidhani kuwa haya ni ya watoto wachanga tu. Msichana wa leo ndiye mama wa kesho, na mtoto huanza kukua, au kudumaa, tangu tumboni mwa mama yake. Msichana aliyepungukiwa na damu, au aliyeshika mimba kabla mwili wake haujakomaa, aweza kuzaa mtoto mdogo, na mambo yakaanza upya.

Tena katika afya ya vijana iko habari ya jaribio lililojibu ndiyo. Saratani ya mlango wa kizazi huletwa na kirusi, na chanjo yake ilianza kutolewa kwa wasichana wa miaka 14 katika Tanzania nzima mwaka 2018, sindano mbili kwa kila mmoja. Wataalamu wakaulizana: je, sindano moja haitoshi? Mwanza walichanjwa kwa kura wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, wengine sindano moja, wengine mbili, wengine tatu. Kenya nako walijaribiwa wasichana 2,275 wa miaka 15 hadi 20. Majibu ya mwaka 2022 yalionyesha kuwa sindano moja yaleta kinga njema. Mwishoni mwa mwaka huo Shirika la Afya Duniani likaikubali njia hiyo, na mwaka 2024 Tanzania ikaifuata kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14. Hivyo akiba ile ile ya dawa yaweza kuwakinga wasichana wengi zaidi. Wasichana wa Mwanza waliokubali kupimwa, pamoja na wazazi wao, wamewafaa wenzao wasiowajua.

Kwa hiyo watu wa uchunguzi wakifika kijijini kwenu, msiwakimbie, wala msiwakubali kwa upofu. Waulizeni: mwatafuta nini? Mmepewa kibali na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu? Mtoto wangu atapata nini, na ana hatari gani? Mzazi ana haki ya kujibiwa, ana haki ya kukataa, na hata akiisha kukubali ana haki ya kujitoa.

YATUPASAYO KUFANYA

Mpaka hapa mmeona kuwa hakuna kidonge kimoja cha kumrefusha mtoto. Lakini yako mambo ambayo hatuna shaka nayo, nayo ni haya:

1. Mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake mpaka atimize miezi sita. Asipewe maji wala maziwa ya ng'ombe kabla ya hapo.

2. Baada ya miezi sita aendelee kunyonya, na aongezewe chakula kizito chenye mchanganyiko: uji wenye karanga au maziwa yaliyochemshwa, yai, maharage yaliyopondwa, mboga za majani. Ugali mtupu hushibisha tumbo lakini haujengi mwili.

3. Kuku na wanyama wasilale wala kula mahali mtoto atambaapo. Najua kuwa desturi ya zamani ya Wairaqw ni kulaza mifugo chini ya paa moja na watu, kwa ajili ya usalama na joto. Basi hata ukuta mdogo au uzio wafaa.

4. Mtoto akihara apewe maji ya ORS na vidonge vya zinki. Akihara damu, au akipumua haraka haraka, apelekwe zahanati siku ile ile. Dawa za kuua vidudu zitolewe kwa agizo la mganga, na zitumiwe kama alivyoagiza.

5. Kliniki ulizeni urefu wa mtoto, si uzito tu. Na katika mkutano wa kijiji semeni juu ya maji kwa bidii ile ile msemayo juu ya mipaka ya mashamba.

Wahenga walinena kuwa mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Nasi tumejifunza kuwa mlezi si mama peke yake. Baba achimbaye choo, kijana ajengaye uzio wa kuku, na mwenyekiti asimamiaye bomba la maji, wote hao wanaongeza urefu wa mtoto, ingawa hawamgusi kwa mkono.